Maneno Manne Ukutani, Hale

Kwa mama ntilie mmoja pale stendi ya Hale kuna kalenda ya mwaka juzi ambayo haijang'olewa. Ililetwa na fundi wa kampuni ya ujenzi ya Kichina enzi alipokuwa akija kula pale, na tangu tarehe zake zipitwe imebaki kwa ajili ya picha: maporomoko ya maji, ukungu, mti uliopinda juu ya jabali, na pembeni, kutoka juu kwenda chini, herufi nne nyeusi, nene kama zimechorwa kwa ufagio. Moshi wa kuni umeshaifanya rangi ya chai. Nimekula pale mara nyingi, perege wa mtoni na ugali, nikizitazama herufi hizo kama mtu anavyotazama pazia.

Siku moja nilikaa meza moja na kijana aliyesoma Kichina Dodoma, chuo kikuu, ambaye sasa anawatafsiria wakandarasi. Alikuwa akisubiri basi la Tanga. Akainua macho, akasoma bila kuulizwa: "Yin shui si yuan." Akanihesabia kwa vidole vyenye ugali: yin, kunywa, shui, maji, si, kuwaza, yuan, chanzo. Ukinywa maji, waza yalikotoka. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Mama ntilie alikuwa akigeuza chapati, akadakia: "Mimi hicho chanzo nakiwaza tangu Jumanne. Bomba limekauka."

Tulicheka. Lakini maneno yale manne yalinifuata mpaka nyumbani, nikaanza kuyachimba.

Wachina wana misemo ya namna hii kwa maelfu, nao huiita chengyu. Kwa kawaida ni silabi nne tu. Methali yetu hujitosheleza. Ukimwambia mtoto haraka haraka haina baraka, hahitaji kujua nani aliharakisha na alikwenda wapi. Chengyu mara nyingi ni mkia wa hadithi. Usipoijua hadithi, umeshika mkia na mnyama amekwisha kwenda zake.

Hadithi ya huu ni ya mtu aitwaye Yu Xin. Alizaliwa mwaka 513, katika dola ya Liang, kusini mwa Uchina, akakulia ikulu. Baba yake alikuwa mshairi, yeye mshairi, na vijana wa mjini wakiiga mtindo wake. Mwaka 554 mfalme wake alimtuma kaskazini, Chang'an, kuwa balozi kwa dola ya Wei ya Magharibi. Akiwa huko huko, wenyeji wake wakapeleka jeshi kusini, wakauteka mji wa Jiangling alikokuwa mfalme, na mfalme akauawa. Balozi akabaki na ujumbe usio na wa kumrudishia majibu. Hawakumfunga minyororo. Walimpa vyeo. Dola ya Wei ilipopinduliwa na kuitwa Zhou ya Kaskazini, nayo ikampa vyeo. Walimpenda mno hata wakamnyima ruhusa ya kuondoka: kusini na kaskazini walipopatana, mateka wengine wakaachiwa warudi kwao, yeye akazuiwa. Alifariki mwaka 581, miaka ishirini na saba tangu aage kwao kwa safari ya kikazi.

Msemo wetu umetokana na nyimbo alizowatungia hao hao waliomzuia, nyimbo za ikulu ya Zhou zilizopangwa kwa sauti tano za muziki wa Kichina. Katika mmojawapo anamtaja mla tunda anayeukumbuka mti, na mnywa mkondo anayeikumbuka chemchemi. Baadaye watu waliyafinya yale ya mkondo na chemchemi yakawa maneno manne. Ukiusoma juu juu ni wimbo wa adabu, wa kumfurahisha mfalme aliyeketi mbele yako. Ila mwandishi ni nani? Ni mtu anayekunywa maji ya kaskazini kila siku, maji mazuri, ya bure, kwenye bilauri ya ikulu, na chemchemi yake iko mahali asikoruhusiwa kwenda. Mtu kama huyo akizungumzia chanzo, siamini kwamba alikuwa akisema asante.

Hapa ndipo mimi na kalenda tulipoanza kugombana. Kwa sababu msemo huu siku hizi, huko Uchina na hata huku kwetu, umekuwa msemo wa asante. Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai kimeuweka katika kaulimbiu yake, na wahitimu huelewa vizuri kabisa wanachoambiwa: mkipata vyeo, mkumbukeni aliyewasomesha. Si vibaya. Lakini kuna msemo mwingine wa Kichina, mdogo kwa umri, ambao umeukalia huu mkubwa kifuani. Ule unasema ukinywa maji usimsahau aliyechimba kisima. Unatokana na kijiji cha Shazhouba, mkoa wa Jiangxi, ambako mwaka 1933 Mao Zedong na askari wake waliwachimbia wanakijiji kisima. Baadaye likasimamishwa jiwe la kumbukumbu, na watoto wa darasa la kwanza wakaingiziwa kisa hicho kitabuni. Misemo miwili, watu huitumia kama pacha. Kwangu mimi si ndugu hata kidogo. Mmoja unauliza maji yanatoka wapi. Wa pili unauliza nani ameyaleta.

Sisi Watanzania tumekuwa mabingwa wa swali la pili. Na kwa Wachina tuna sababu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wakati wakubwa wengine walipokuwa wakitwambia haitalipa. Makaburi ya Wachina waliofia huku yako Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji, na kila Aprili, siku zao za kuzuru makaburi, ubalozi hupeleka maua. Kuwakumbuka wale ni uungwana, na uungwana hauhitaji makala.

Ninachokisema ni kitu kidogo zaidi, kilicho karibu. Nenda kwenye kituo chochote cha kuchotea maji kilichozinduliwa miaka ishirini hii, hapa Korogwe au ng'ambo Handeni, usome jiwe lake. Utakuta jina la mgeni rasmi kwa herufi kubwa kuliko zote. Chini yake jina la mradi, mfadhili, mkandarasi, tarehe. Kama mradi una bahati, na jina la kiongozi wa mbio za Mwenge. Tutakuwa tumeimba, tumepiga vigelegele, tumeambiwa mama ametuliwa ndoo kichwani. Sijawahi kukuta jiwe lililoandikwa jina la msitu.

Tuuchukue mto huu unaopita hapa. Ramani zinauita Pangani kwa sababu ya mji ulioko mdomoni mwake; wenyeji wengi huuita Ruvu. Ukisimama darajani Hale, mashamba ya mkonge nyuma yako, unauona ukipita wa rangi ya chai ya maziwa, bila papara. Mwaka 1964 maji yake yalianza kuzungusha mashine mbili za kituo cha Hale, megawati 21 kwa jumla. Juu yake kuna Nyumba ya Mungu, megawati 8, iliyoanza kuzalisha 1968. Chini yake kuna kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, megawati 68, cha miaka ya 1990. Maji yale yale hufanya kazi mara tatu kabla ya kuonja chumvi. Siku hizi Bwawa la Nyerere kule Rufiji linahesabiwa megawati 2,115, na vituo vyetu vitatu vikijumlishwa havifiki hata sehemu moja ya ishirini ya hizo. Hakuna anayekuja tena kupiga picha na Hale. Lakini mwaka 1964 megawati 21 zilikuwa habari kubwa.

Maji hayo yanatoka wapi? Waulize abiria kwenye basi, nusu watakwambia Kilimanjaro, barafu. Hilo ndilo jibu la picha. Barafu ya Kibo ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2007, na kila mwaka tunaonyeshwa picha mbili, ya zamani nyeupe na ya sasa ya kijivu, tunasikitika. Ni msiba wa kweli, ila si msiba wa mto huu. Maji yanayoshuka Kilimanjaro kuja kwetu karibu yote ni mvua ya msituni, ule mkanda wa miti unaouvaa mlima kiunoni, pamoja na ukungu unaonaswa na matawi yaliyoota manyoya ya kijani na kudondoka tone tone mchana kutwa. Yanazama kwenye mwamba wa volkano, yanakaa gizani, kisha yanatokea mbali chini kama chemchemi. Ile Chemka karibu na Boma Ng'ombe, wanakoruka watalii kwa kamba, ni mojawapo. Meru inaongeza yake, Upare na Usambara zinaongeza yao kwa Mkomazi na Luengera. Kwa hiyo hata sisi tuliojitahidi kuwaza chanzo tumekuwa tukikiwaza kisicho chetu. Tunalilia barafu, huku moto na misumeno vikila msitu uliotunywesha.

Huko juu nako kuna watu, na wana msemo wao wa kisima hata kama hawakuupata Shazhouba. Mchaga akikuonyesha mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka korongoni hadi migombani, atakutajia ukoo uliouchimba. Ukoo huo bado una sauti: nani afungulie, siku gani, nani atoke na jembe kuzibua. Hapa Hale mhandisi naye ana karatasi yake ya haki ya maji yenye muhuri wa serikali. Mkulima wa juu anasema maji ni ya Mungu na mfereji ni wa babu. Mhandisi wa chini anasema umeme ni wa taifa. Kila mmoja anamkumbuka mchimbaji wake. Miaka ya 1990, wakati kituo kipya cha Pangani kinajengwa na mpunga wa Moshi ya Chini umenoga, mabishano hayo yaliwaka, zikaja haki za maji, zikaja ada, na wazee wa mifongo wakauliza tangu lini mvua ikakatiwa risiti.

Katikati ya mabishano hayo kuna jambo moja dogo la kiofisi ambalo mimi hulipenda kuliko sheria zote. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, ya kwanza ya aina yake nchini. Miaka yake ya mwanzo ilikaa hapa Hale, jirani na mitambo. Maana yake ilikaa kwa mnywaji. Ukiwa Hale, mto ni kitu kinachokuja kidogo au kingi. Kikija kidogo kuna mtu huko juu ameiba. Baadaye ofisi ikahamishiwa Moshi, mamia ya kilomita kuufuata mto, mpaka miguuni mwa mlima. Sijui mtu yeyote aliyewahi kuuadhimisha uhamisho huo. Makabati yalipakiwa, mafaili yakafungwa kamba, pengine ya mkonge, na watumishi wakalalamikia posho kama watumishi wote. Lakini kama ningeombwa mfano wa yin shui si yuan katika Tanzania, ningetoa lori lile la mafaili kabla ya hotuba yoyote. Kuwaza chanzo ni kuhama dawati.

Tanga mjini wanao mfano mwingine wa kutazamwa. Wao hawanywi Pangani. Wananywa Mto Zigi unaotoka milima ya Amani na kukingwa kwenye bwawa la Mabayani tangu 1978. Huko juu wakulima wamejiunga kwenye umoja wao, UWAMAKIZI, wanaacha kulima kingo za mto na kuosha dhahabu kwenye vijito, na mamlaka ya maji ya jiji inachangia fedha ya kuwawezesha kuishi bila kufanya hivyo. Mtu wa Ngamiani akifungua bomba, sehemu ya bili yake inapanda mlimani. Sidai mambo yote yamenyooka huko. Nasema tu kwamba hilo ni wazo la aina nyingine kabisa na lile la jiwe na vigelegele.

Na Handeni? Handeni ndiko msemo huu unakouma. Vuka daraja, pita Segera, nenda magharibi, na baada ya muda kijani kinaisha. Ni nchi ya malambo, ambako kiangazi kikikaza ng'ombe na binadamu huchota mahali pamoja, na dumu la lita ishirini lina bei kama bidhaa nyingine dukani. Miaka ya 1970 lilijengwa Bomba Kuu la Handeni, watu wamezoea kuliita HTM, kuchota maji ya mto huu huu upande wa Korogwe na kuyapandisha huko. Limechakaa, limefufuliwa, limechakaa tena, na sasa limo kwenye mradi wa miji 28 unaojengwa kwa mkopo wa India. Mzigua wa Handeni akinywa maji ya bomba anakunywa mvua ya Uchagani na Usambara. Jiwe la uzinduzi litamwambia anakunywa India.

Lakini Wazigua wana kisa chao cha chanzo, na si cha maji tu, na kama Yu Xin angefufuka nadhani ndicho angekielewa haraka kuliko vyote nilivyosema.

Katika miaka ya 1830 Uzigua ulipigwa na njaa ambayo wazee huiita Kidyakingo, njaa ya kula ngozi. Watu walishuka pwani kutafuta chochote. Huko wakaambiwa kuna kazi ng'ambo na chakula kipo, wakapanda majahazi, na majahazi yakawashusha pwani ya Benadir, Somalia ya leo, wakauzwa kwenye mashamba ya bonde la Shebelle. Baadaye kundi lao likatoroka. Simulizi zinamtaja aliyewaongoza kuwa mwanamke, mwaguzi, jina lake Wanakhucha, na nia ilikuwa moja: kutembea kusini mpaka wafike kwao. Walifika Mto Juba. Hapo, simulizi zasema, Wanakhucha akawaambia basi, tukae. Wakakaa kwenye misitu ya mto, wakafyeka, wakalima mahindi. Kisomali kikaingia, dini ikaingia, wajukuu wakazaa wajukuu. Nyumbani waliendelea kusema Kizigula. Maji yakaendelea kuitwa mazi, kama yanavyoitwa Handeni.

Vita ya Somalia ilipolipuka 1991 walikimbia upya. Wengi waliingia Kenya, na kutoka kambi za huko maelfu, pamoja na Wasomali wengine wenye asili ya Kibantu, walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Wengine walikuja kwa bahari mpaka Tanga. Waliwekwa kwanza kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakapewa ardhi Chogo, wilaya ya Handeni, na serikali ikawafungulia mlango wa uraia. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na wenyeji wakawaelewa walipofungua kinywa.

Tuna methali ya kujivunia: mwacha asili ni mtumwa. Hao waliipindua. Walifanywa watumwa kwanza, na asili hawakuiacha.

Sitaki kuipaka asali. Waliorudi hawakurudi peponi. Walirudi Handeni, ile ile yenye kiangazi kilichowatoa babu zao. Walikuta lugha ni moja lakini shamba halina rutuba ya Juba, na mtoto aliyezaliwa kando ya mto mkubwa akajifunza kupanga foleni ya maji. Msemo wa Kichina hausemi chanzo kitakupokea vizuri. Hausemi hata kwamba utakifikia. Unasema si, waza, basi. Nimeanza kuuheshimu kwa uchache wake.

Nayasema haya nikiwa mjukuu wa manamba, na labda ndiyo maana kalenda ile ilinishika. Hale yenyewe ni mji wa watu wa mbali wanaoishi kwa mmea wa mbali. Mkonge asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote haya. Na kwa sababu wenyeji hawakupenda kazi yake (walikuwa na akili), wakaletwa watu: Wabena, Wangoni, Waha, Warundi. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU, iliyowapakia kwenye malori na kuwapa namba. Namba ndiyo iliyozaa manamba. Babu yangu alikuja hivyo kutoka Ubena miaka ya 1950. Alikata mkonge, akafunga mafungu, na jioni alinukia ule uchachu wa korona, kiwanda cha kukamua mkonge, ambao aliyekulia hapa hausahau hata akihamia Ulaya. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za singa, kilele ambacho hakijafikiwa tena, mwaka ule ule mitambo ya Hale ilipoanza kuvuma. Babu alikuwa akisema korona ikifunga atarudi kwao. Korona ilifunga. Hakurudi. Hakukuwa na minyororo kwake pia. Kulikuwa na mke, watoto, mihogo nyuma ya nyumba, na aibu ya kurudi mikono mitupu.

Alipofariki tulikuta kwenye kopo la maziwa kipande chake, kile cheti cha kuhesabia siku. Kimeandikwa jina, namba, na kijiji alikotoka. Karani aliyeandika hakujua Kibena, na babu hakujua kusoma, kwa hiyo kijiji kiliandikwa kama sikio la karani lilivyosikia. Miaka kadhaa iliyopita mimi na kaka yangu tulikwenda nacho Njombe. Pale stendi tulimwonyesha mzee mmoja wa kuuza viazi. Aliiweka karatasi mbali na macho, akalitamka jina kwa namna nne. "Ikiwa hivi, wanangu, ni kule," akanyoosha mkono kaskazini. "Ikiwa hivi, ni kule." Kila namna ilikuwa na kijiji chake, na kila kijiji safari ya siku. Tulinunua debe la viazi, tukalala, asubuhi tukapanda basi la kurudi.

Siku ile kwa mama ntilie nilimsimulia yule kijana mkalimani hayo ya babu, basi la Tanga likiwa bado halijafika. Kisha nikamwomba aniandikie ile herufi ya nne, yuan. Akachukua kipande cha gazeti kilichofungiwa chapati, akachora, akakitazama, akatikisa kichwa.

"Nimesahau matone, mzee."

Akanieleza. Sehemu ya kulia ya herufi hiyo ilianza zamani kama picha ya chemchemi ikichuruzika chini ya genge. Watu wakaizoea, wakaitumia kwa asili ya kitu chochote, hadi ile chemchemi ndani yake ikakosa pa kuonekana. Ndipo ikabidi waandishi wayaongeze maji upya ubavuni, vistari vitatu vidogo upande wa kushoto. Ukiviacha hujaharibu. Inasomeka vilevile, yuan, na bado ni asili. Ila maji hayamo.

Honi ya basi ikalia barabarani. Akainama, akaongeza haraka haraka, moja, mbili. La tatu halikushika. Gazeti lilikuwa na mafuta.